Nilizunguka Kigali nzima kutafuta koni ya habu ya nyuma ya baiskeli ya Baba

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa Bongo, wa Bujumbura, wa Goma, na mliotawanyika huko kwenye baridi.

Juzi kuna mkuu humu aliuliza wapi atapata spea za habu ya nyuma ya baiskeli ya zamani, akajibiwa kwa dhihaka kwamba akanunue pikipiki. Nilicheka, halafu nikakumbuka yangu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na sioni faida ya mtu mzima kudanganya watu kuhusu koni ya baiskeli.

Ni ndefu kidogo. Wale wa "mkuu fupisha", shukeni chini kabisa, funzo liko huko, lichukueni mwende zenu.

Tuanze.

Mwaka ni 1991. Mahali ni Kigali, mtaa wa Biryogo.

Kwa asiyepajua: Biryogo ni mtaa wa zamani wa Waislamu, umeegemea Nyamirambo. Vichochoro vyembamba, misikiti, akina mama wa sambusa, na washonaji. Kila kibaraza kina cherehani. Kiswahili ndiyo lugha ya barazani, kila mtu na chake: cha Ujiji, cha Bujumbura, cha Zaire, na kile cha Kigali chenyewe ambacho kila kitu "iko".

Mimi nimezaliwa hapo. Mama yangu mtu wa Ujiji. Baba yangu mzaliwa wa hapohapo, mshonaji wa kanzu, na sijisifu, lakini kanzu ya Baba uliitambua kwenye saff ya swala bila kuambiwa.

Sasa, Baba alikuwa na mguu mmoja uliokauka, wa kushoto, tangu utotoni. Kutembea alitembea, kwa fimbo, ila hatua mia tu jasho linamtiririka.

Lakini mpandishe kwenye baiskeli!

Alikuwa na baiskeli nyeusi ya Kiingereza, saizi ishirini na nane, iliyotoka Ujiji kwa upande wa Mama. Mguu wa kulia aliufunga kwenye pedeli kwa mkanda wa ngozi alioushona mwenyewe, ili aweze kusukuma na kuvuta. Wa kushoto aliupumzisha kwenye kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye fremu. Akishapanda, huoni kilema chochote. Unaona mzee wa kofia anapita, anasalimia kulia na kushoto, anatania wauza maembe.

Kutoka nyumbani kwetu hadi kwenye kibanda chake cha kushonea barabara ilikuwa tambarare, na hiyo kwa Kigali ni zawadi kutoka kwa Mungu. Nyumbani, kibandani, msikitini, nyumbani. Baiskeli ndiyo ilikuwa miguu yake.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimerudi kutoka Kigoma, nilikokaa miaka miwili kwa mjomba wangu nikijifunza ufundi wa baiskeli. Nikawa naitwa fundi. Na nilipenda kuitwa fundi, nisiwafiche.

Basi Ramadhani ya mwaka huo, mfungo wa kumi na tatu, Baba anarudi kutoka kibandani, mvua imenyesha, gurudumu la nyuma likaanza kukwaruza, likayumba, likagoma kabisa mita chache kutoka mlangoni.

Nikalifungua palepale barazani, mbele ya majirani, kwa confidence yote.

Kwa wasiojua: habu ni lile tumbo la katikati ya gurudumu ambamo spoki zote zinakusanyika. Ndani yake inapita ekseli. Kila upande kuna gololi zinazozunguka ndani ya kikombe cha chuma, na kinachozibana gololi zisitoke ni nati yenye ncha ya mviringo, ndiyo koni. Koni ikiliwa, gololi zinasagika, gurudumu linakufa.

Upande wa kulia ulikuwa mzima. Upande wa kushoto gololi mbili zilikuwa unga, na koni imeliwa mpaka ina mfereji.

Nikasema kwa sauti, ili majirani wasikie, "Baba, hii kazi ya nusu siku. Niachie mimi."

Baba akanitazama, akataka kusema neno, halafu akasema tu sawa.

Kumbukeni hapo. Alitaka kusema neno.

Siku ya pili asubuhi, kabla sijarudi na hiyo koni yangu ya nusu siku, Baba akaamua kwenda kibandani kwa fimbo. Ramadhani ndiyo msimu wa kanzu, watu walishaleta vitambaa, na yeye tangu nimjue hajawahi kumfanya mtu aswali Idd na kanzu isiyokamilika.

Kichochoro kilikuwa tope. Akateleza, akaanguka mbele ya watu. Vijana wawili wakambeba, kwa nia njema kabisa, wakamrudisha nyumbani juujuu kama gunia la mkaa.

Hakuumia mwili. Ila niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kiti, kofia mkononi.

Nikamwambia, Baba, kesho nitakubeba mimi mgongoni hadi kibandani, ni karibu tu.

Akasema, "Nilibebwa hadi nilipofika miaka tisa. Inatosha."

Mama akaja na wazo la akili: cherehani iletwe nyumbani, ashonee ukumbini. Mimi nikasema naam, nakwenda kuileta sasa hivi.

Baba akainua mkono. "Cherehani ikiingia humu ndani, mimi sitoki tena."

Wakuu, maneno hayo yaliniingia. Nilielewa kwamba hatuzungumzii baiskeli. Kuna mzee mmoja mtaa wa pili alianza hivyohivyo: kwanza kazi ikaletwa nyumbani, halafu kitanda kikaletwa ukumbini, halafu watu wakaacha kumuulizia. Baba alikuwa anamwona yule mzee.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu: kumrudisha Baba kwenye tandiko kabla ya Idd. Siku kumi na sita.

Nikatia ile koni mbovu mfukoni pamoja na gololi kadhaa, nimezifunga kwenye karatasi, kama sampuli. Mtaani nilikuwa nimeshakosa asubuhi ile, sasa nikaanza safari yenyewe.

Mjini kwanza, maduka ya karibu na soko kuu. Koni zilikuwepo. Nikachukua moja, nikakimbia nyumbani. Inaingia kwenye ekseli vizuri, lakini ni nene, haiingii kwenye kikombe cha habu.

Nikarudi, nikabadilisha. Ya pili inaingia kwenye kikombe, lakini kwenye ekseli inazunguka mara mbili inakwama. Thread tofauti. Yule muuzaji akaniambia hiyo ni ya Kifaransa, ekseli yako itakuwa ya Kiingereza. Nikajiona mjinga, lakini kidogo tu.

Ya tatu nikaipata Kimisagara kwa mtu aliyekuwa na beseni zima la vyuma chakavu. Inaingia kwenye ekseli, inaingia kwenye kikombe. Nikaswali rakaa mbili za shukrani, wallahi. Nikafunga gurudumu, nikazungusha, gololi zikachomoka moja moja zikadondoka sakafuni. Ncha yake ilikuwa fupi mno.

Mama akawa anaziokota, anacheka. Baba hacheki.

Na hilo ndilo lililoanza kunitisha. Baba ni mtu wa mzaha. Kwa kawaida angenitania mpaka Mama amwonee mtoto wake huruma. Sasa ananiangalia tu, ananiuliza swali lilelile:

"Umepita kwa Hamisi?"

Hapa nisimame niwaeleze habari ya Mzee Hamisi, maana bila yeye hamtaelewa.

Mzee Hamisi alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Si kushona, kutengeneza. Cherehani ya mtaa mzima ikigoma inapelekwa kwake. Ila cherehani hazigomi kila siku, kwa hiyo naye alikuwa na mashine yake ya kushonea suruali, na hizo ndizo zilizomlisha. Kibanda chake kilikuwa njiani, kati ya nyumbani kwetu na kibanda cha Baba. Yeye na Baba walikuwa marafiki tangu wakiwa watoto wa madrasa. Kila alasiri walicheza dama kwa vizibo vya soda, vya Fanta vya mmoja, vya Coca vya mwingine.

Halafu wakagombana. Baba aligeuka kumwitikia mtu salamu, alipogeuka tena akasema kizibo kimoja kimesogezwa. Mzee Hamisi akasema hakijasogezwa. Baba akasema kimesogezwa. Ubao ukafungwa, na wazee wawili wenye wajukuu wakanuniana miezi mitatu kwa sababu ya kizibo cha soda.

Miezi mitatu! Na wote wawili wanajua kabisa kwamba kumnunia ndugu yako zaidi ya siku tatu haifai. Wanasimama saff moja, wanatoa salamu kulia na kushoto, mmoja anaelekeza macho kwenye mkeka.

Kwa hiyo Baba aliponiuliza "umepita kwa Hamisi?" mimi nikaelewa hivi: mzee amemkumbuka rafiki yake, anataka nimpelekee salamu, lakini hataki kusema. Nikajibu nitapita, Baba, nikimaliza hili la koni.

Nilikuwa fundi baiskeli. Kwa fundi wa cherehani natafuta nini?

Tuendelee.

Wengine mtauliza, si ununue habu nzima? Wazo zuri. Nikalifikiria pia.

Shida ni hii. Rimu ya nyuma ya baiskeli zile za Kiingereza ilikuwa na matundu arobaini ya spoki. Ya mbele thelathini na mbili. Habu mpya zilizokuwa madukani Kigali zilikuwa za thelathini na sita. Hesabu haikubali, ufanye nini, uache matundu manne yapige miayo?

Gurudumu zima la saizi ile ndiyo kabisa, halikuwepo. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, mpaka wa Uganda umefungwa, mizigo inazungukia Tanzania kupitia Rusumo, na mfanyabiashara aliyepata nafasi kwenye lori hakupakia magurudumu ya baiskeli. Alipakia chumvi.

Nikasikia kuna duka Remera, karibu na uwanja wa Amahoro, lina spea za zamani. Nikabeba gurudumu zima begani, nikiwa na swaumu yangu, mvua inanyesha, nikaenda.

Njiani kuna kizuizi. Askari akatazama kitambulisho, akasema nitoe kilicho mfukoni. Nikatoa ile karatasi. Akaifungua, akaona koni na gololi, akazigeuza kiganjani pole pole na kuniuliza ni vya silaha gani.

Nikaanza kueleza habu, ekseli, kikombe, kwa Kinyarwanda changu cha barazani, huku nimebeba gurudumu begani kama ushahidi. Askari akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema baiskeli ya kaka yake kijijini inakwaruza vilevile, na tatizo watu wanaweka gololi nyingi mno, hawaachi nafasi. Akanirudishia karatasi yangu ikiwa imekunjwa vizuri.

Gololi upande mmoja wa nyuma ni tisa, wakuu. Unajaza, halafu unahakikisha kuna upenyo wa kupumua. Alichosema kilikuwa sahihi kabisa.

Nikafika Remera. Mwenye duka akatazama gurudumu, akatazama koni, akasema, "Ntayo." Yaani hakuna. Halafu akaniuliza nani aliyeitengeneza hii habu, maana kikombe cha kushoto kimechongwa kwa mkono.

Nikasema haijawahi kutengenezwa, ni original kutoka Ujiji.

Uongo mtupu, ila sikujua. Mimi nilikuta baiskeli ile iko hivyo tangu nina akili, na sikuwahi kumuuliza mwenye nayo.

Nikarudi. Mfungo wa ishirini na mbili nikaenda Nyamirambo kwa fundi mmoja wa Zaire, mtu wa Bukavu, bingwa kwelikweli. Alikuwa na kipande cha kioo cha dirisha, anaweka gololi mbili chini, kioo juu, anakisukuma kwa kidole aone kama zinalingana. Nikamheshimu kwa kioo kile.

Akaitazama koni yangu muda mrefu. Akaipindua. Akaigonga jinoni, sijui kwa nini.

"Kijana," akasema, "hii kitu haiko ya kinga."

Kinga ndiyo baiskeli kwa Kiswahili chao. Anasema si ya baiskeli.

Nikamwambia Papaa, imetoka kwenye baiskeli, nimeitoa kwa mikono yangu. Akainua mabega, akasema hata paka akizaa ndani ya jiko hazai chapati.

Nikaondoka nimekasirika. Nikajisemea huyu amekosa spea, sasa anaficha aibu kwa methali. Kumbe aibu ilikuwa yangu na nilikuwa natembea nayo mfukoni.

Mfungo wa ishirini na tatu, jioni, tumemaliza kufuturu, Mama anaondoa vyombo. Wateja wawili walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao wapeleke kwingine. Hawakusema vibaya. Walisema pole Fundi, ugua pole.

Ugua pole! Baba hakuwa mgonjwa. Alikuwa hana koni.

Walipotoka, Baba akaniambia kama hakuna namna, nikailete ile cherehani kesho.

Mama akaacha vyombo. Mimi nikaangalia chini. Wakuu, mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini pale nilitoka nje nikajifanya natafuta ndala.

Aliponiona nimerudi akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na hujapita kwa Hamisi."

Nikaona basi, kesho nikienda kuchukua cherehani nitapitia kwa Mzee Hamisi nimpe salamu, walau jambo moja alilonituma mzee wangu nilitimize.

Kesho yake baada ya adhuhuri nikafika. Mzee Hamisi amekaa kwenye kigoda mlangoni, hana kazi mkononi. Jambo hilo lilinishangaza, maana Ramadhani naye hushona suruali za Idd usiku na mchana.

Nikatoa salamu. Akaitikia. Hakuniuliza hali wala habari za nyumbani. Akanyoosha kiganja.

"Lete hiyo koni."

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu koni.

Nikatoa karatasi, nikampa. Hakuitazama hata sekunde tano. Akainuka, akaenda kwenye rafu nyuma ya kopo la mafuta, akachukua kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa cha kanzu, kimezungushiwa uzi mweupe, akakiweka juu ya meza.

Nikafungua. Koni. Nyeusi, nzima, imepakwa grisi. Nikailinganisha na ile mbovu. Ncha ileile, thread ileile, hadi alama ndogo ya mtengenezaji ubavuni ileile.

Akanieleza. Miaka mingi nyuma, mimi nikiwa sijaanza hata madrasa, ile koni ya asili ya baiskeli ilikufa na haikupatikana nyingine. Yeye alikuwa na mguu wa cherehani ya kizamani umevunjika, ule wa kukanyaga, na gurudumu lake kubwa la chini lilizunguka kwenye gololi, kwa koni mbili. Akachonga kikombe cha habu kidogo, akafunga koni moja kwenye baiskeli ya rafiki yake. Pacha wake akaifunga kwenye mashine yake mwenyewe.

Kwa hiyo Mzaire alisema kweli. Haikuwa ya baiskeli. Ilikuwa ya cherehani, na nilikuwa nimezaliwa kwenye mtaa wa cherehani, nikaenda kuitafuta Remera na gurudumu begani.

Nikamuuliza hii pacha ameitoa lini.

Akaonyesha kwa kidevu. Pembeni ya kibanda mashine yake ilikuwa imelazwa ubavu, gurudumu la chini limening'inia.

Akasema baiskeli ya Baba ilikuwa inapita pale mara nne kwa siku. Siku ya kwanza haikupita akajua. Siku ya pili akasikia watu wanasimulia kuanguka. Palepale akaifungua mashine yake, akatoa koni, akaifunga kwenye kitambaa, akakaa anasubiri atumwe mtu.

Siku kumi. Ramadhani. Msimu wa suruali. Mzee wa watu amekaa mlangoni na mashine imelala, anasubiri mtu aje aseme jina lake tu.

Nikamuuliza, kwa heshima, kwa nini basi hakuileta mwenyewe, ni hatua mia mbili.

Akasugua magoti. Akasema, "Kizibo nilikisogeza mimi. Ningekwenda na spea mkononi, angesema nimekuja kununua msamaha."

Huku Baba yuko kitini, anajua spea iko wapi, hawezi kutamka, anauliza tu umepita kwa Hamisi. Kule Hamisi yuko mlangoni na spea, hawezi kuleta. Na katikati fundi wao msomi kutoka Kigoma anapiga raundi Kimisagara.

Nikasema, Mzee, Baba amekutaja kila siku. Kila siku anauliza kama nimepita kwako.

Akanitazama vizuri. "Kila siku?"

Nikasema kila siku.

Akachukua spana mbili na kopo la grisi, akafunga mlango.

Tulipofika nyumbani Baba alikuwa kitini, ameshajiandaa kwa cherehani kuja, hata meza ilikuwa imesogezwa kupisha. Mzee Hamisi akatoa salamu mlangoni, Baba akaitikia. Basi. Hakuna kukumbatiana, hakuna hotuba. Mzee Hamisi akaketi chini kwenye mkeka, akalivuta gurudumu miguuni pake, akaanza kufanya kazi. Mimi nikahesabu gololi tisa, nikamkabidhi moja moja.

Alipokuwa anafunga nati ya mwisho, akiwa hajainua kichwa, akasema, "Nilikisogeza."

Baba akasema, "Najua. Nilikuona."

Mama alikuwa mlangoni na ufagio, hafagii.

Kisha Baba akasema, "Usikaze sana hiyo, iache ipumue."

Mzee Hamisi akailegeza robo mzunguko.

Alasiri ile Baba alipanda baiskeli. Nilimfunga mkanda wa pedeli, akanisukuma mkono akamalizia mwenyewe. Akaenda hadi kibandani na mimi nikikimbia nyuma yake bila sababu yoyote ya maana. Wauza maembe wakamwita, akawajibu. Alipomuuliza mmoja kama maembe yake nayo yamefunga Ramadhani, yamesinyaa hivyo, nikajua mzee wangu amerudi.

Lakini hesabu ilibaki. Mashine ya Mzee Hamisi sasa haina koni, na kanzu za Baba zilikuwa ishirini na kitu, siku zimebaki tano au sita.

Basi Mzee Hamisi akahamia kibandani kwa Baba. Baba anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, Mzee Hamisi anapinda chini na kutia vifungo, na wanabishana kutwa nzima kuhusu nani alikuwa anaongoza dama siku ile kabla ya kizibo. Wale wateja wawili wakarudi na vitambaa vyao, wamejikunja kwa aibu. Baba akavipokea.

Kanzu zote zilikamilika isipokuwa moja, yangu. Niliswali Idd na kanzu ya mwaka jana, imenipanda juu ya vifundo, na wazee wawili saff ya mbele wananicheka mabega yanatikisika.

Nilistahili.

Mnajua wote yaliyokuja Kigali miaka mitatu baadaye. Uzi huu si wa hayo, naomba mniachie hapo. Niseme tu kwamba wote wawili hawapo leo, baiskeli ipo. Iko hapa Mwanza, nyumbani kwangu, na ile koni pacha bado iko ndani ya habu.

Funzo, kwa wale walioshuka moja kwa moja.

Kabla hujatafuta spea ya kitu cha mtu, muulize mwenye kitu kimepitia mikono ya nani. Sampuli iliyokwisha inakuonyesha ilivyoharibika tu, haikuambii ilikotoka. Na mzee wako akikuuliza swali moja mara kumi, usidhani anasahau. Wewe ndiye hujasikia.

Na kwa walionuniana na mtu: inawezekana kabisa mwenzako amekaa mlangoni na koni yako imefungwa kwenye kitambaa. Pita tu useme jina.

Sasa shida yangu ya leo, maana sikuja kusimulia bure. Ile koni ya kushoto imeanza kukwaruza tena. Nimeshazunguka maduka yote ya baiskeli hapa, najua, najua, sijifunzi. Mwenye mguu wa cherehani ya kizamani, ule wenye gurudumu la gololi, aweke picha hapa chini nilinganishe.

Na wewe uliyewahi kuzunguka mji mzima ukitafuta kilichokuwa kwa jirani, lete kisa chako, tucheke pamoja.